Maswali ya Wanawake

Mama yangu hasikii. Alizaliwa akisikia kama mtoto mwingine yeyote, lakini akiwa mdogo huko Ukambani alishikwa na homa kali, na homa ilipomwachilia dunia ilikuwa imenyamaza. Alisoma kidogo katika shule ya viziwi, akajifunza lugha ya ishara, akaja Nairobi, akaolewa, akanizaa mimi peke yangu. Baba alipofariki, mama alibaki na kibanda cha mboga katika soko la Kangemi na chumba kimoja nyuma ya soko. Hadi leo hapo ndipo anapopaita kwake.

Mimi nasikia. Tangu nilipoweza kuunganisha maneno nimekuwa masikio na mdomo wake: kwa mwenye nyumba, kwa wanaoleta sukuma wiki kwa magunia, kwa mchungaji, kwa yeyote aliyemjia na maneno. Ninapoandika hapa kwamba mama alisema jambo, alilisema kwa mikono, nami nalileta kwa Kiswahili kama nilivyozoea. Kazi hiyo sikuwahi kuiona mzigo. Ilikuwa kama kumshikia kikapu. Mahali pamoja tu ndipo iliponishinda, na hapo ni kwa daktari.

Nakumbuka hasa siku moja katika zahanati iliyo karibu na kwake. Nilikuwa mtu mzima tayari, nimeoa, naishi Uthiru, nafanya kazi katika duka la kuchapisha mabango katikati ya jiji. Mama alikuwa akilalamikia mgongo. Daktari alikuwa kijana wa rika langu, mpole, amechoka. Mlango wake ulikuwa wazi, na benchi la wagonjwa lilikuwa limeelekea ndani moja kwa moja, kwa hiyo waliokuwa wakingoja walituona kama watu wanaotazama televisheni.

"Mama ana shida gani?" aliniuliza mimi. Siku zote wananiuliza mimi.

"Mgongo."

"Muulize kama anatokwa na kitu huko chini. Damu, ama uchafu."

Nilimgeukia mama na mikono yangu ikakwama. Ishara zangu nilifunzwa na yeye. Alinipa za chakula, za soko, za Mungu, za hasira na za mzaha. Za mwili wa mwanamke hakunipa, na angenipaje, mimi mwanawe wa kiume? Swali la mdomo unaweza kulinong'ona. La mikono huwezi. Ilinibidi nionyeshe kwa kidole mahali penyewe, kwenye mwili wangu mwenyewe, kisha nionyeshe kitu kinachotoka. Watu wa kwenye benchi hawakujua hata ishara moja, lakini hiyo waliielewa wote. Msichana mmoja aliinamisha kichwa kwenye simu yake. Mzee mmoja alikohoa.

Mama alitazama mikono yangu, akatazama benchi, akatazama sakafu.

"Hapana," alisema.

"Muulize kama anahisi kitu kinashuka."

Nilimuuliza. Jasho lilikuwa likinitiririka mgongoni.

"Hapana. Mgongo. Mwambie ni mgongo tu."

Tukaandikiwa dawa za maumivu. Njiani mama alitangulia mbele. Kiziwi akitembea mbele yako hamwezi kuzungumza, na nadhani ndiyo sababu alitangulia. Mimi nilifuata nyuma nikitazama visigino vyake, na nilifurahi kwamba hakuwa ananitazama.

Baada ya hapo mgongo uliendelea kuwa mgongo. Kila alipozidiwa nilimnunulia dawa kwenye duka la dawa, na hatukuzungumza zaidi ya hapo.

Nyumbani kwangu Uthiru kulikuwa na jambo jingine, ambalo wakati huo sikulihusisha na hili. Mama hakukubali kulala kwangu. Mke wangu ni mzaliwa wa Uthiru, wazazi wake wana ploti hapo, na alilelewa kuamini kwamba mama mkwe asipolala kwako kuna neno. Tulinunua viti vipya vya sebuleni, vya kitambaa laini. Mama alipokuja Jumapili alivisifu, akavipapasa kwa mkono, kisha akavuta stuli ya plastiki kutoka jikoni, akatandika leso juu yake na kuketi karibu na mlango. Chakula kikiisha tu, alitafuta mkoba wake.

"Mama yako hanipendi," mke wangu aliniambia.

"Ni mazoea. Amezoea stuli ya sokoni."

"Usinidanganye. Mtu hakai kwenye stuli ndani ya nyumba ya mtoto wake kama aliyeletwa na chifu. Muulize nimemkosea nini."

Nilimuuliza mama. Alicheka, akasema mboga hazilali peke yake sokoni. Nikamtafsiria mke wangu, naye akanyamaza kwa namna ambayo ilichukua wiki nzima kuisha.

Kisha wakaja watafiti.

Ilikuwa Jumamosi mchana, nami nilikuwa nimeenda Kangemi kumtengenezea mama bawaba ya mlango. Wasichana wawili waliovaa vizibao vya kijani, vishikwambi mikononi, walikuwa wakipita chumba kwa chumba kwenye ploti ya vyumba vya kupanga anakoishi mama. Niliwasikia kabla sijawaona. Walisema wanafanya utafiti kuhusu afya ya akina mama, mambo ya uzazi na magonjwa ambayo wanawake hawapendi kuyasema, na kwamba watakaogundulika na shida watasaidiwa kupata matibabu. Jirani wa mama, mwanamke wa makamo anayefua nguo za watu, aliwakaribisha kwake, akakaa nao kitambo huku mlango umefungwa. Walipotoka alinyoosha kidole kwenye mlango wetu.

"Hiyo nyumba wachaneni nayo," aliwaambia. "Kuna mama, lakini hasikii. Ni bubu."

Wakapita. Waliruka mlango wa mama, wakaenda kubisha uliofuata, hali mimi nimesimama hapo na nyundo mkononi.

"Samahani," niliwaita. "Huyu ni mama yangu. Anaweza kujibu. Mimi nitamtafsiria."

Walitazamana. Mmoja, aliyekuwa mdogo zaidi, alinisogelea kwa heshima.

"Kaka, tunaelewa. Lakini tumeambiwa mama ajibu mwenyewe, na mtu wa familia asikuwe karibu. Na pia..." alitazama kishikwambi chake. "Maswali mengine ni ya wanawake. Utasikia vibaya kuuliza. Hata yeye atasikia vibaya."

Ningemwambia nini? Alikuwa amesema kweli. Nilikumbuka zahanati, nikakumbuka kidole changu, na ingawa mdomo wangu ulikuwa umefunguka kubishana, ulijifunga. Kitu kilichoniuma ni kwamba moyoni nilihisi nafuu. Sitalazimika kuuliza.

Mama alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Hasikii, lakini hakuna uso unaompita.

"Wamesema nini?" aliniuliza.

"Wanauliza mambo ya magonjwa ya wanawake. Wanataka ujibu bila mimi."

"Sawa. Nitajibu."

"Hawajui ishara."

Aliwatazama wale wasichana wakiingia chumba cha tatu kutoka kwake. Majirani kadhaa walikuwa nje wakianika nguo, nao walikuwa wakimtazama kwa huruma ile ambayo mtu humpa mbwa aliyefungiwa nje. Mama aliinamisha uso. Mimi nilirudi kwenye bawaba na kujifanya skrubu imenishinda.

Nilidhani limekwisha. Jumatatu iliyofuata, saa za chakula cha mchana, mama alitokea dukani kwetu katikati ya jiji. Hakuwa na kawaida ya kuja mjini siku ya kazi. Alikuwa amevaa gauni la kanisani na kilemba, na mkononi alikuwa na karatasi ambayo wasichana wale walimwachia jirani, yenye jina la ofisi yao na jengo.

"Ni hapa karibu," alisema. "Twende."

"Kufanya nini?"

"Kuwauliza kwa nini wameruka mlango wangu."

Sitaki kujisifia kwamba nilienda kwa moyo mkunjufu. Nilimwambia nina kazi, nikamwambia ofisi kama hizo huingii bila miadi. Wenzangu dukani walikuwa wamesimamisha mashine wakitutazama. Mama akizidiwa na hisia, sauti humtoka bila yeye kujua. Ni sauti nzito, ya kooni, isiyo na umbo. Nimeisikia maisha yangu yote, nami naweza kuitambua katikati ya soko. Siku hiyo, mbele ya wenzangu, niliisikia kama wao walivyoisikia. Nikachukua koti langu upesi ili tutoke.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya juu, yenye kapeti na maua ya plastiki. Msichana wa mapokezi alinisalimia mimi, akauliza anisaidie vipi. Kabla sijajibu mama alikuwa ameanza kusema, mikono ikienda mbio, na ile sauti ikitoka. Mlinzi alisogea hatua mbili. Watu waliokuwa kwenye viti waliacha simu zao. Nilimshika mama viganja, nikaishusha mikono yake, jambo ambalo tangu utoto nilikuwa nimefunzwa kuwa ni sawa na kumziba mtu mdomo. Alinitazama tu. Hakuivuta mikono yake. Mimi ndiye niliyeiachilia, na sikujua pa kuelekeza macho yangu.

Mwanamke mmoja alitoka ndani, mtu mzima, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Ndiye aliyekuwa akisimamia ule utafiti. Alitupeleka kwenye chumba kidogo, akaketi, na cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba alimtazama mama, si mimi.

Mama akasema aliyokuja kusema. Nikatafsiri: mlango wake ulirukwa, na yeye ni mwanamke kama wengine.

Yule mwanamke alivua miwani akaishika mkononi. "Mwambie naomba radhi," alisema. "Tuliweka sharti kwamba mtu wa familia asikuwepo. Tuliliweka kuwalinda akina mama. Kuna wengi hawawezi kusema ukweli mume akiwa hapo, ama mtoto. Kusema kweli, hatukufikiria mtu kama yeye. Mwambie tunaweza kufanya hivi: wewe umtafsirie hapa hapa, tumwandike."

Nilimtafsiria mama. Alitikisa kichwa. Kisha akasema sentensi moja, polepole, kama mtu anayehakikisha mtoto amesikia.

Sikuitoa.

"Amesema nini?" yule mwanamke aliuliza.

Nilimgeukia mama. "Siri gani?" nilimuuliza kwa mikono, nikiificha karibu na ukingo wa meza.

"Tafsiri," mama alisema.

"Mama anasema," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwingine, "kwamba yeye pia ana siri. Anasema sharti lenu ni zuri. Anataka alindwe nalo kama wengine."

Pale mezani mimi ndiye niliyekuwa mdomo, na kilichokuwa kikitoka mdomoni mwangu ni kwamba mama ana maneno ambayo hawezi kuyapitisha kwangu. Yule mwanamke alinitazama kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kama angenicheka.

Hakuahidi mengi. Alisema kubadilisha utaratibu kunahitaji idhini ya kamati, na kwamba ni lazima apate mtu. Mama alimwambia kwamba watu wapo. Alimwambia kuhusu ibada ya viziwi inayofanywa mjini kila Jumapili, na kuhusu dada mmoja wa pale, kiziwi kama yeye, aliyesoma mpaka chuo. Yule mwanamke aliandika. Tuliposhuka ngazi mama alinishika mkono, akanipigapiga kama anavyopiga gunia kujua limejaa. Hakuniambia kitu nami sikumuuliza. Nilirudi kwenye mabango.

Ilipita miezi. Nilikuwa nimeacha kungoja nilipopigiwa simu kwamba wamemwajiri yule dada wa ibadani na kumfunza kuhoji, kwamba viziwi wanawake wa Kangemi na mitaa ya jirani wanaalikwa katika ukumbi wa kanisa moja pale Kangemi, na kwamba mama ni wa kwanza.

Nilimsindikiza. Mazoea hayaishi siku moja. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani jinsi nitakavyouliza lile swali la zahanati bila kutumia kidole. Yule dada alitupokea mlangoni. Ni mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mchangamfu, mwenye mikono ya haraka. Alimkumbatia mama, akamwingiza, kisha akanigeukia, akasema kwa mikono.

"Asante kaka kwa kumleta. Sasa tuache."

"Nitakaa hapa nyuma tu, nikihitajika..."

"Hutahitajika," alisema.

Hakusema kwa ukali. Niliketi nje kwenye ngazi, karibu na mwanamke aliyekuwa akikaanga mandazi. Ukumbi ule una madirisha makubwa upande wa barabara. Hakuna aliyekuwa amefikiria pazia. Mlango ulikuwa umefungwa vizuri, kama sharti linavyotaka, na mtu yeyote mwingine aliyepita hapo aliona tu wanawake wawili wakipunga mikono. Kwangu mimi ilikuwa kama wanazungumza kwa kipaza sauti.

Sikukusudia. Niligeuka kuona kama wameanza, na mama alikuwa katikati ya sentensi.

"...kinatoka nje kabisa nikiinua gunia," alikuwa akisema. "Nakirudisha kwa mkono. Natumia kitambaa. Nafua kitambaa kabla hakujapambazuka ili mtu asikione kwenye kamba."

Yule dada aliuliza jambo. Mgongo wake ulikuwa kwangu.

"Tangu miaka mingi iliyopita," mama alijibu. "Siketi kwenye viti vya watu. Mwanangu ana viti vizuri. Mkewe anadhani namchukia. Naogopa kulowesha. Naogopa harufu. Ningelala kwao usiku ningewaambia nini asubuhi?"

Nilipaswa kugeuka. Niligeuka, lakini baada ya kuwa nimeona, na kilichokwisha kuonekana hakifutiki. Niliutazama ukuta wa duka la ng'ambo. Uso ulinichoma mpaka kwenye mizizi ya nywele. Aibu ile sikujua niiweke kwa nani. Kwa mama, aliyekuwa akificha kitambaa kisionekane kwenye kamba ya nguo? Kwangu, niliyekuwa nimeketi nje ya mwili wake nikichungulia? Muuza mandazi aliniuliza kama nasikia vibaya. Nikasema ni jua.

Mwishowe nilifungua mlango, nikapunga mkono wanione, nikamwambia yule dada, bila kumtazama mama, kwamba dirisha halina pazia na mimi naelewa. Alishtuka, akaziba mdomo kwa kiganja. Alitafuta leso mbili akazitundika. Mama alikuwa amekaa pale kwenye kiti chake. Nilitoka bila kugeuka.

Jioni ile nilimfikisha mama kwake. Aliwasha taa, akaweka sufuria ya chai, kisha akakanyaga sakafu kwa mguu kuniita, kama alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo na nimempa mgongo.

"Uliona?"

Ningeweza kusema hapana. Nilimwambia, "Niliona."

"Kiasi gani?"

"Viti."

Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kwa mtu kama mama, kufunika uso ni kuzima kila kitu. Haoni, hasikii, hasemi. Sikuweza kumwambia lolote hadi aondoe mikono. Chai ilichemka ikamwagika motoni, nikauzima. Nilisimama hapo kati ya kitanda na mlango, mtu mzima na ndevu zangu, nisijue kama nimguse au nitoke.

Alipoiondoa mikono, macho yalikuwa mekundu.

"Nilitaka kumwambia daktari siku ile," alisema. "Ungeuliza mara ya tatu ningekwambia. Lakini niliona jasho lako. Nikasema, nisimfanyie mtoto hivi."

"Nami nilisema nisikufanyie wewe hivyo."

Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. Tulikunywa chai iliyobaki bila kutazamana sana. Sikumbuki kama kulikuwa na sukari.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, kwa maneno machache kadiri nilivyoweza. Alisikiliza amesimama mlangoni mwa jikoni. Alikuja akaketi kwenye kile kiti kipya akalia. "Na mimi nilikuwa namsema kwa mama yangu," alisema. "Nilikuwa namsema Jumapili kwa Jumapili." Nilijua anavyojisikia, kwa hiyo sikumfariji haraka.

Watafiti walitimiza waliyosema. Mama alipelekwa hospitali kubwa, na yule dada aliingia naye kila chumba, akiandikiana na madaktari kwenye daftari. Ugonjwa wenyewe, tuliambiwa, ni kizazi kushuka. Unawapata wanawake wengi na unatibika. Siku ya upasuaji mimi na mke wangu tulikaa kwenye viti vya korido. Muuguzi alitokea akaita jina la mama na kutuuliza ni nani wa kumtafsiria. Nilikuwa nimesimama tayari. Yule dada, ambaye hakusikia mama akiitwa lakini aliniona nikisimama, alinipita na kuingia. Nikaketi tena. Mke wangu aliniwekea mkono gotini.

Mama aliletwa Uthiru kupata nafuu. Alilala kwetu kwa mara ya kwanza. Mke wangu ndiye aliyemwogesha na kumbadilisha, nao hawana lugha ya pamoja zaidi ya ishara chache alizonisumbua nimfundishe, za maji, za maumivu, za inatosha. Nilipopita kwenye mlango wa chumba kile nilitazama upande mwingine. Mama naye kwa siku kadhaa hakuweza kukutana na macho yangu. Tulizungumza mambo ya bei ya mboga na ya mvua. Aibu ile haikutoka na kile kilichotibiwa. Ilipungua polepole, kama uvimbe, na sidhani imekwisha yote hata leo. Siku alipoketi kwenye kiti cha sebuleni hakuna aliyesema kitu, lakini mke wangu aliingia jikoni na kukaa huko zaidi ya ilivyohitajika.

Aliporudi Kangemi, nilimbebea vitu vyake. Amekatazwa kuinua magunia, kwa hiyo sasa kuna kijana wa mkokoteni anayempelekea mboga kibandani. Tulipofika kwenye ploti, jirani yule anayefua nguo alikuwa nje na beseni lake. Alikausha mikono kwenye gauni akatujia.

"Karibu nyumbani, mama," alimwambia, kisha akanigeukia, akashusha sauti. "Nasikia alifanyiwa operesheni. Ile ya... huko chini."

"Ndiyo."

"Kaka, hebu muulize. Iliuma sana?" Alitazama nyuma yake. Kisha maneno yakamtoka yote pamoja. "Muulize ilianza vipi. Kama ilikuwa inashuka ukifua umeinama. Wale wasichana waliniuliza, wallahi waliniuliza vizuri kabisa, mlango umefungwa. Nikawaambia niko sawa. Ningewaambia nini, wasichana wadogo vile? Wa umri wa binti yangu."

Nilibaki na mkoba wa mama begani. Huyu ndiye aliyesema mama ni bubu. Yeye alibishiwa mlango, akaulizwa kwa lugha yake, akaandikwa, na jibu lake lilikuwa la uongo kama lile la mama kwenye zahanati. Sasa alikuwa amesimama mbele yangu anataka nimuulizie mama, mimi, mtoto wa kiume, hapo nje kwenye nguo zilizoanikwa. Jasho lilianza tena mgongoni, pale pale.

"Anasema nini?" mama aliuliza.

Nilianza. "Anauliza kuhusu..." Mikono ikasita.

Mama hakungoja nimalize. Alimtazama yule jirani usoni, akautazama mkono wake uliokuwa umeshika kiuno, akatazama maji ya beseni. Kisha akanivua mkoba begani.

"Nenda kaninunulie maziwa," aliniambia.

"Hamtaelewana."

"Nenda."

Alimshika jirani kiwiko, akamwingiza chumbani, akafunga mlango. Dirisha lake lina pazia. Nilisimama kidogo hapo nje. Kutoka ndani niliisikia sauti ya mama, ile nzito ya kooni, mara moja, kisha ya jirani akisema "ndiyo, ndiyo, hapo hapo."

Nikaenda kununua maziwa. Duka la karibu lilikuwa nayo, lakini nilipita hadi la mbali.